Timazi ya Mwalimu

Ukimtazama fundi mwashi akipandisha ukuta utaona kwamba mwiko na timazi haviachani. Hupanga mstari mmoja wa matofali, huteremsha timazi, huweka pimamaji, hugonga tofali hili na lile kwa mpini wa mwiko mpaka yakae sawa, ndipo anapoanza mstari wa pili. Hangoji nyumba ifike kwenye lenta ndipo aangalie kama ukuta umesimama wima. Akingoja hadi hapo, atakachokiona hakitamfaa kitu, maana ukuta uliopinda ama utabomolewa ama utafichwa kwa lipu, na mwenye nyumba ataishi na ufa wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi mzuri huenda mbele zaidi, kwani yeye huutafuta ufa kabla haujaonekana.

Shuleni tumezoea kupima nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa. Mtihani huja mwisho wa muhula, mwisho wa mwaka, au mwisho wa ngazi nzima ya masomo, na karatasi zikisharudi wanafunzi hupangwa kwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa arobaini na nane. Sina nia ya kuibeza kazi hiyo. Nchi yenye nafasi chache na vijana wengi inahitaji njia ya haki ya kuchagua. Lakini kuna kupima kwa namna nyingine, ambako mwalimu hufanya katikati ya kazi, akiwa bado ana nafasi ya kugonga tofali likae sawa. Wataalamu wa elimu huuita ule wa kwanza upimaji tamati, na huu wa pili upimaji endelezi. Tofauti hiyo ilipewa jina na mwanafalsafa Michael Scriven mwaka 1967, alipokuwa akiandika juu ya namna ya kutathmini mitaala, na baadaye Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago akaisogeza karibu na darasa. Kwa lugha nyepesi, mmoja ni kupima ili kutoa hukumu, na mwingine ni kupima ili kujua la kufanya kesho asubuhi.

Nimefundisha hisabati na sayansi kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba hakuna masomo yanayohitaji timazi kuliko haya mawili. Mtoto aliyekosa somo la historia juu ya vita fulani anaweza kulifuata somo linalofuata bila taabu kubwa. Lakini asiyeelewa thamani ya nafasi za tarakimu hataelewa desimali. Asiyeelewa desimali hataelewa asilimia. Na siku mwalimu wa fizikia atakapomwambia asome kipimo cha umeme, hatakuwa na pa kusimama. Ufa wa darasa la tatu huonekana kidato cha pili, na wakati huo kila mtu huulaumu ukuta wa juu.

Hebu tuchukue mfano mdogo kabisa. Wape watoto hesabu hii: 52 kutoa 27. Jibu ni 25, lakini katika darasa lolote watakuwapo watakaoandika 35. Mwalimu mwenye haraka atachora mkasi mwekundu juu ya majibu yote ya 35 na kuendelea. Lakini ukiwaita watoto wawili walioandika 35 na kumwuliza kila mmoja, "Umepataje?", huenda ukasikia habari mbili tofauti kabisa. Wa kwanza atakwambia kwamba 2 haitoshi kutoa 7, kwa hiyo alitoa 2 katika 7 akapata 5, kisha akatoa 2 katika 5 akapata 3. Huyu anaamini kwamba katika kutoa, siku zote kidogo hutolewa katika kikubwa, popote kilipo. Wa pili atakwambia kwamba alikopa kumi, ikawa 12 kutoa 7, akapata 5. Kisha 5 kutoa 2 ni 3. Huyu alikopa vizuri sana, ila alisahau kwamba kumi iliyokopwa imeondoka kwa jirani.

Jibu ni moja na kosa ni mawili. Wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye mafungu ya vijiti, aone kwa macho yake kwamba 52 ni mafungu matano ya kumi na vijiti viwili, na kwamba fungu linaweza kufunguliwa. Wa pili haihitaji safari hiyo. Anahitaji tu kuzoea kuandika 4 juu ya ile 5. Ukiwapa wote wawili mazoezi ishirini zaidi ya aina ile ile, wa kwanza atajifunza kukosea kwa kasi zaidi. Na kama huna nafasi ya kuwaita mmoja mmoja, ipo hesabu itakayokutenganishia: 40 kutoa 13. Wa kwanza ataandika 33, na wa pili ataandika 37. Hesabu hiyo moja, ikichaguliwa kwa makusudi, inamwambia mwalimu mambo mengi kuliko mtihani wa maswali hamsini ambao mwisho wake ni namba iliyozungushiwa duara.

Somo kubwa hapa ni kwamba kosa la mtoto aghalabu lina akili ndani yake. Mtoto hakosei ovyo. Hufuata kanuni, ila kanuni yenyewe ni ya kwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu asipoinama kuitafuta kanuni hiyo hataiona, na asipoiona hawezi kuiondoa.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti mpole wa darasa la sita, ambaye daftari lake la hisabati lilikuwa jekundu tangu jalada la mbele hadi la nyuma. Alikuwa amekwisha kukubali, na nyumbani kwao walikuwa wamekwisha kukubali, kwamba yeye "si wa hesabu". Siku moja niliandika ubaoni 0.4 na 0.35, nikauliza ipi ni kubwa, nikataka kila mtu aandike jibu na sababu yake. Yeye aliandika 0.35, na sababu yake ilikuwa fupi: 35 ni kubwa kuliko 4. Sababu hiyo ilikuwa na maana yake. Kwa miaka mitano shule ilikuwa imemfundisha kwamba namba yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa, na kwa namba nzima ni kweli tupu.

Sikumwambia kwamba amekosea. Nilijua kwamba mama yake ni fundi cherehani na kwamba yeye humsaidia kukata vitambaa. Nikamwomba anionyeshe kwenye futi ya fundi mahali ilipo nusu mita. Akaonyesha 50 bila kusita. Nikamwambia, hiyo huandikwa 0.5. Akanyamaza. Kisha bila kuulizwa akasogeza kidole hadi 40, akasema, "Basi 0.4 ni hapa." Akasogeza tena hadi 35, akakitazama kidole chake kwa muda mrefu. Darasa zima lilikuwa kimya. "Mwalimu," alisema, "kumbe hii sifuri nukta nne ina sifuri nyingine imejificha." Mpaka leo sijapata maelezo mafupi na mazuri ya jambo hilo kuliko hayo, na nimeyatumia katika kila darasa lililofuata. Sitasema kwamba binti huyo alikuwa wa kwanza mwisho wa mwaka. Hakuwa. Lakini aliacha kusema kwamba yeye si wa hesabu, na akaanza kuuliza maswali, na mtoto anayeuliza maswali hayuko tena mahali alipokuwa.

Katika sayansi mambo ni hayo hayo, ila mizizi yake ni mirefu zaidi, kwa kuwa mtoto huja shuleni akiwa na sayansi yake mwenyewe. Waulize wanafunzi: mbegu ya mwembe ni ndogo, na mwembe uliokomaa ni mzito kuliko gari, uzito wote ule umetoka wapi? Walio wengi watajibu, "Umetoka udongoni." Ni jibu la mtu mwenye macho, aliyeona wakulima wakitia mbolea. Zaidi ya miaka 350 iliyopita, Jan Baptist van Helmont alipanda mche wa mti ndani ya chungu cha udongo aliokuwa ameupima, akaumwagilia kwa miaka mitano. Mti uliongezeka kwa ratili zaidi ya 160, na udongo ukapungua kwa wakia chache tu. Akahitimisha kwamba mti umetengenezwa kwa maji. Hata yeye hakufika mwisho wa safari, maana hakujua kwamba sehemu kubwa ya mti mkavu hutokana na hewa ya kaboni dioksaidi. Basi, mwalimu anayeandika ubaoni maelezo ya usanisinuru na kuyafanya yanakiliwe, bila kuwauliza kwanza watoto wanaamini nini, anajenga juu ya msingi asioujua. Watoto watayakariri maelezo, watayaandika kwenye mtihani na kupata alama, na moyoni wataendelea kuamini kwamba mti unakula udongo.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. Nyumbani tunasema joto, na neno hilo hubeba mambo mawili ambayo sayansi huyatenganisha: joto lenyewe, ambalo ni nishati, na jotoridi, ambalo ni kiasi cha umoto kinachosomwa kwenye kipimajoto. Uliza: kuna kikombe cha maji yanayochemka na ndoo ya maji ya kuoga ya vuguvugu, kipi kitayeyusha barafu nyingi zaidi? Wengi watasema kikombe, kwa kuwa kina moto zaidi. Hapo usiseme neno. Nunua barafu za mifuko kwa jirani, uwaache wajaribu. Kadhalika neno uzito, ambalo dukani hupimwa kwa kilo, na darasani tunataka liachane na tungamo. Mwalimu asiyesikiliza maneno ya watoto atadhani kwamba wanamwelewa, kumbe kila upande unatumia neno lile lile kwa maana nyingine.

Na hapo sijagusa bado kidato cha kwanza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania amejifunza hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na akivuka kwenda sekondari hukuta masomo yale yale kwa Kiingereza. Nimewahi kusahihisha karatasi ambamo mwanafunzi, alipotakiwa kwa Kiingereza aandike tofauti ya 9 na 4, aliandika kwamba moja ni witiri na nyingine ni shufwa. Ni sentensi ya kweli kabisa, isiyo na alama hata moja. Mtihani hauwezi kutwambia kama mtoto huyo hajui kutoa au hajui tu jinsi neno lile linavyotumika katika hesabu. Mwalimu aliye mbele yake anaweza kujua kwa dakika moja, kwa kumwuliza kwa lugha anayoielewa. Watahiniwa wengi mno wamekuwa wakifeli Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yakitoka tunashangaa. Yamkini sehemu ya jibu imekaa miaka minne katika maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya si mageni kwetu, na ni kweli. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililalamikia uzito mkubwa uliopewa mtihani mmoja wa mwisho, na kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yalianza kuhesabiwa pamoja na mtihani huo. Nia ilikuwa njema sana. Lakini angalia ilivyokuwa mashuleni. Maendeleo ya kila siku yakawa majaribio ya kila mwezi, majaribio yakawa alama, na alama zikawa fomu za kujazwa na kupelekwa Baraza la Mitihani. Mtoto alipimwa mara nyingi zaidi, na kila mara alihukumiwa. Kenya nayo, iliyofanya mtihani wa KCPE kwa mara ya mwisho mwaka 2023, imeingiza tathmini za shuleni katika mtaala wake wa umilisi, na hatari ni ile ile: mwalimu akitumia jioni zake kujaza fomu, hatapata nafasi ya kufikiri juu ya kilichomo ndani ya majibu. Wingi wa vipimo si hoja. Fundi anaweza kuteremsha timazi mara mia kwa siku, akaandika daftarini kwamba ukuta umepinda, na asiguse tofali hata moja.

Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walichapisha mapitio ya tafiti takriban 250 juu ya jambo hili, wakaonyesha kwamba upimaji wa kusaidia kujifunza huinua wanafunzi, na kwamba aghalabu huwainua zaidi walio nyuma. Kisha hawakuishia kwenye karatasi. Mwaka 1999 walianza kufanya kazi na walimu 24 wa sayansi na hisabati katika shule 6 za Oxfordshire na Medway nchini Uingereza, ili waone inawezekanaje katika madarasa ya kawaida. Waliyoyatilia mkazo hayakuhitaji fedha: kuuliza maswali yanayofikirisha, kuandika maoni daftarini badala ya alama, kuwafundisha wanafunzi wajipime wenyewe na wapimane, na kuutumia mtihani uliopita kama chombo cha kujifunzia.

Habari ya maoni badala ya alama huwashtua wengi. Lakini Ruth Butler, katika utafiti wake wa mwaka 1988, aliona kwamba wanafunzi waliopewa maoni tu waliendelea vizuri, na waliopewa alama pamoja na maoni hawakunufaika kama wao. Jambo hili hata sisi tunaliona. Mrudishie mtoto daftari lenye 4 kwa 10 na sentensi tatu nzuri za maelekezo. Atatazama 4, atatazama ya jirani, atafunga daftari. Alama imekwisha kumwambia yeye ni nani. Ya nini tena kusoma?

Nasikia mwalimu mwenzangu akiniuliza: nina watoto 90 darasani na vipindi 30 kwa wiki, hayo yote nitayafanya saa ngapi? Swali ni la haki. Hakuna anayeweza kuandika sentensi tatu katika madaftari 90 kila siku. Lakini anza na lile swali tunalouliza sote, "Mmeelewa?" na jibu linalokuja kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Hiyo ni timazi ya mpira, hukubali kila ukuta. Badala yake andika ubaoni swali moja lenye majibu manne, yaliyotungwa kutokana na makosa unayoyajua, na watoto wote wafumbe macho wanyanyue vidole: kimoja, viwili, vitatu au vinne. Kwa muda wa kufumba na kufumbua umeona darasa zima, na hakuna aliyemwigiza mwenzake. Au rudisha vibao vya kuandikia kwa chaki, walivyosomea wazee wetu. Kila mtu aandike na kuinua.

Ukiuliza swali kwa mdomo, ngoja. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi huko Marekani katika miaka ya 1970, aliona kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu ni ndefu sana mbele ya darasa, kama umezihesabu utajua. Waache kwanza wanong'one wawili wawili, kisha uliza. Na mwisho wa kipindi kila mmoja aandike jibu la swali moja kwenye kipande cha karatasi. Huna haja ya kusahihisha. Jioni zigawe karatasi hizo katika mafungu matatu: walioelewa, wenye kosa la aina moja, na waliopotea. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na somo la kesho litakuwa limejitunga lenyewe.

Gharama yake kubwa, kusema kweli, haiko kwenye muda. Iko kwenye ujasiri wa kupunguza mwendo. Mada iliyopangwa Jumatatu ikionyesha kwamba nusu ya darasa wamepotea, mwalimu hana budi kubaki hapo Jumanne, na muhtasari haujali, na anayekuja kukagua atauliza umefika ukurasa wa ngapi. Mwalimu anahitaji kulindwa na mkuu wake anapobaki nyuma kwa sababu njema. Kumaliza kitabu huku umewaacha watoto njiani ni sawa na dereva wa basi anayejisifu kwamba amefika kwa wakati, na abiria wako kituo cha nyuma.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mtoto akirudi nyumbani huulizwa, "Umepata ngapi? Umekuwa wa ngapi?" na akijibu vibaya huambiwa amwige mtoto wa jirani. Ukitaka kumsaidia, mwombe alete daftari, chagua hesabu moja aliyokosa, kaa naye mkekani, umwambie akueleze alivyofanya. Huna haja ya kuijua hesabu yenyewe. Wazazi wengi hawakufika huko, na si aibu. Msikilize tu mpaka mwisho, usimkatize. Mara nyingi atafika katikati ya maelezo, atanyamaza, na ataomba kalamu.